Ngoma ya Mama Ina Tundu

Daktari aliingiza ncha ya kitochi chake kwenye sikio la kulia la mama, akachungulia, akanyamaza, akachungulia tena. Kisha akaketi, akaanza kuandika, na bila kuinua uso akasema, "Mama ana tatizo la ngoma."

Mama siku hizi hasikii vizuri. Lakini hilo alilisikia.

Nilimwona akilikamata pindo la khanga yake kwa mikono yote miwili. Ana miaka 68, amezika mume, amezika kaka, na sijawahi kumwona akimwogopa mtu mwenye koti jeupe. Alinigeukia mimi, si daktari, akaniuliza kwa sauti ambayo sikuizoea kutoka kwake.

"Ngoma? Mimi?"

Daktari, kijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho, hata kalamu hakuiweka chini. "Ndiyo mama. Ngoma ya sikio. Ina tundu, lakini si kubwa."

"Ya sikio?"

"Ya sikio, mama."

Pale ndipo alipoiachia khanga. Akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeponea chupuchupu barabarani, na daktari naye akacheka kwa adabu bila kujua kinachochekwa. Mimi nilibaki kimya. Mtaani, ngoma ni jina jingine la UKIMWI. Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 14, na tangu siku ile, karibu miezi mitatu sasa, neno hilo moja limenigandia kama kupe.

## Ndani ya bajaji

Tulirudi nyumbani kwa bajaji. Dereva alikuwa amefungulia redio mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza mama hakulalamika kuhusu kelele. Mtangazaji akatuambia tukae mkao wa kula kwa sababu kuna ngoma mpya imedondoka usiku wa jana. Ngoma yenyewe ilipoanza, haikuwa na ngozi wala mti ndani yake. Yote ilitoka kwenye kompyuta. Ikafuata michezo: mechi ya jana iliisha ngoma droo. Dereva akapigiwa simu na mtu wa mkopo wa chombo, akasikiliza, akaguna, akasema, "Kaka, hiyo ngoma nzito." Mbele kidogo njia ilikuwa imezibwa na turubai. Kuna nyumba ilikuwa inamtoa mwali, na wapiga mdundiko walikuwa wamekwisha kupanga ngoma zao karibu na moto.

"Ngoma hiyo," mama akasema, akinyoosha kidole, kana kwamba ndiyo ya kwanza kutajwa siku ile.

Nilikuwa nimeshahesabu tano.

Ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyechanganyikiwa. Dereva hakudhani deni lake linapigwa kwa viganja. Sisi tunaotumia lugha hii tumezoea neno moja kutubebea mizigo mitano kwa safari moja, na linatufikisha. Mtu mmoja tu ndiye aliyepotea njia siku ile, tena kwenye chumba chenye utulivu kuliko vyote, na mtu huyo ndiye mpigaji ngoma wa kweli kati yetu.

## Ngozi

Hilo ningelisema mapema. Mama ni Mgogo wa Chamwino, na Ugogoni ngoma za muheme hupigwa na wanawake. Wanaume wana zeze lao, wana marimba yao, na wanacheza. Ngoma ni ya mwanamke: imebanwa kiunoni kama nyigu, yeye anaishika katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja. Mama alianza akiwa msichana mdogo, akaendelea alipoolewa, akaipeleka hata kanisani. Mpaka leo akiona ndoo ya plastiki imeinamishwa hapiti bila kuigonga.

Basi baada ya hofu kuisha, alimgeuzia kibao yule daktari. Alitaka kujua ngoma ya sikio imewambwaje.

Kijana alijieleza vizuri, namsifu. Ni utando wenye upana wa kama sentimita moja, unene wake sehemu ya kumi tu ya milimita. Umewambwa mwishoni mwa njia ya sikio. Hewa ikitikisika huupiga, nao ukitikisika husukuma vijifupa vitatu vilivyo nyuma yake (nyundo, fuawe na kikuku, kama tulivyokariri shuleni), na hivyo sauti hufika ndani. Kwa hiyo ni ngoma ambayo mpigaji yuko nje na mchezaji yuko ndani.

"Na ngozi ikipasuka si unawamba nyingine?" mama akauliza.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema ndivyo hasa wanavyofanya tundu likiwa kubwa: huchukua utando wa msuli ulio jirani na sikio, wakauwamba upya. Dogo kama lake mara nyingi huziba lenyewe, mradi maji yasiingie. Aache kabisa ule unyoya wa kuku anaojichokonolea. Akioga, azibe sikio kwa pamba iliyopakwa mafuta mazito.

Vitabu vyetu vya sayansi huita kitu hicho kiwambo cha sikio. Ni neno zuri, limetokana na kuwamba, na halina matope. Kama daktari angelitumia, mama asingeogopa. Wala asingeelewa chochote, na mazungumzo yale ya kuwamba yasingekuwapo. Nimeligeuza hili mara nyingi kichwani na kila mara naona daktari alichagua sawa, hata kama hakujua kwamba anachagua.

## Ngoma iliyojaa

Nilipofika nyumbani nilifungua kamusi. Maana zimepangwa kwa namba: kwanza chombo chenye mzinga wa mti na ngozi, kisha mchezo na sherehe, kisha nyinginezo. Zimepanga foleni kama abiria wa mwendokasi, kila mmoja na tiketi yake, na msomaji unapewa kuamini kwamba chombo ndicho kilichofika kwanza kituoni.

Siamini tena.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa shule moja karibu na Kisesa, nje ya Mwanza. Pale jirani ni Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padre David Clement, na mwezi Juni baada ya sikukuu ya Ekaristi huwa kuna Bulabo, tamasha la ngoma. Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma vinavyochuana tangu karne ya 19, Bagika na Bagalu, na inasimuliwa kwamba waanzilishi wake walikuwa waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Mimi mtu wa Dodoma nilikwenda nikitarajia kikundi kimoja kitacheza, tupige makofi, kisha kije kingine.

Wapi! Walianza wote kwa wakati mmoja, huku na huku uwanjani, na sisi watazamaji tukaachwa katikati tuchague kwa miguu. Upande mmoja ukitoa chatu, umati unakimbilia huko. Upande wa pili nao unazua kioja chao, umati unarudi. Nilikimbizana na watu wazima na wazee wenye fimbo mchana kutwa. Mshindi ni yule mwenye watu wengi zaidi. Mapigo, sauti, mavazi, dawa, yote ni njia tu ya kuvuta miguu ya watu.

Jioni nikamuuliza mwenyeji wangu ngoma ya nani ilikuwa nzuri. Hakunielewa. Nikauliza tena. Akasema, "Unataka kujua iliyojaa?"

Huko kwenye kamusi hakuna maana hiyo, lakini mimi naona ndiyo iliyozaa zingine. Ngoma ni ile hali ya watu kuwa wamekusanyika na kitu kinawapeleka. Kile kipande cha mti kilipewa jina kwa kuwa ndicho kiitacho watu. Ndiyo maana Wazulu wimbo wanauita ingoma, na mganga wao ni isangoma. Ndiyo maana huku pwani anayepungwa pepo huandaliwa ngoma, na kila pepo na ngoma yake; ukimpigia isiyo yake hapandi. Na ndiyo maana kijana wa redioni hasemi uongo anapoita ngoma kitu kilichotengenezwa na kompyuta. Kikijaza watu, ni ngoma.

Niliridhika na jibu hilo kwa muda wa wiki moja hivi.

## Ngoma na bendera

Aliyenivuruga ni mwalimu mwenzangu wa historia, mtu wa Kasulu, ambaye Kiha chake kinamwezesha kuongea na Mrundi bila mkalimani. Nilimweleza nadharia yangu ofisini wakati wa chai. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyejifunza kufunga viatu.

"Hao watu wamekusanyika," akasema, "lakini ngoma ni ya nani?"

Kwa Kirundi na Kinyarwanda, akaniambia, ingoma ni ngoma na pia ni utawala. Kipindi cha mfalme ni ingoma yake. Wanyarwanda walikuwa na Kalinga, Warundi walikuwa na Karyenda, ngoma za kifalme ambazo hazikuwa za kuchezewa arusini. Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962, ngoma iliwekwa katikati ya bendera pamoja na mmea wa mtama. Mwaka 1966 ufalme ulipopinduliwa, ngoma ikatolewa. Hapo hapo. Waliompindua mfalme walijua vizuri sana kwamba ukimwondoa mtu ukaacha ngoma, hujamaliza kazi.

Tuna methali ambayo mimi mwenyewe nimeitungia maswali ya mitihani sijui mara ngapi: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wanafunzi huandika kwamba inakemea ubinafsi, nami nawapa maksi mbili. Siku ile niliisikia upya. Huwezi kuwamba bila kuvuta. Swali ni nani amesimama upande wa pili.

UNESCO iliziorodhesha ngoma za kifalme za Burundi kuwa urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Mwaka 2017 rais wa nchi hiyo akatoa amri kwamba wanawake wasizipige. Wao wacheze ngoma zao za kike pembeni. Upande wa pili wa mpaka, Rwanda, wanawake wa Huye walikuwa wameshaanzisha kikundi chao tangu mwaka 2004 na kujiita Ingoma Nshya. Tafsiri yake ni Ngoma Mpya. Tafsiri yake pia ni utawala mpya, na waliochagua jina hilo walijua wanachokisema. Nikaongezea na ya kwetu: Bi Kidude, aliyetutoka Aprili 2013, aliupiga msondo wa unyago Zanzibar mpaka uzeeni, na sikumbuki kama kuna serikali iliyothubutu kumuuliza kibali.

Nilimpelekea mama habari hizi kama mtu anayeleta zawadi. Alikuwa anachambua mchele.

"Sasa hao wanawake wa Burundi, ngoma ikilia, wao wanafanya nini?"

"Wanacheza."

"Na kwetu wanaume ndio wanaocheza." Akatupa chuya moja kwa kuku. "Basi ngoma droo."

## Darasani

Kidato cha Tatu tulikuwa kwenye mada ya maana za maneno, polisemia na homonimia. Kila mwaka huwa natumia mifano ileile ya paa na kaa, na kila mwaka wanafunzi husinzia kwa adabu. Safari hii niliandika NGOMA katikati ya ubao na kuchora mishale.

Sijapata kipindi kama kile. Walirusha maana kuliko nilivyoweza kuziandika. Ngoma ya kupiga, ngoma ya kucheza, ngoma ya mwali, ngoma ya sikio (hiyo niliichomekea mimi), ngoma mpya, ngoma droo, ngoma nzito, ngoma bado mbichi. Chaki ilikuwa inavunjika. Kisha kijana mmoja wa viti vya nyuma, mwerevu na mcheshi, akasema:

"Mwalimu, umesahau ile ya kumeza vidonge."

Darasa zima likaangua kicheko.

Nami nikacheka. Si sana, lakini nilicheka. Nikasema, "Hiyo ni lugha ya mtaani," nikafuta mikono, tukaendelea.

Nilipogeukia ubao nikaona nilichokuwa nimekiandika kwa mkono wangu. *Ngoma droo. Ngoma nzito.* Hizo nazo zilitoka wapi, msikitini? Mtaa niliukubali mara zote ulipotuchekesha bure. Niliufungia mlango ulipotaja kitu ambacho, katika darasa la wanafunzi 58, hesabu ya kawaida tu inaniambia wapo waliokifahamu kutoka nyumbani, wakacheka pamoja na wenzao huku wanajua vidonge vinakaa kabati gani.

Na nilikuwa nimeuona uso wa mama kule hospitali. Mimi, kati ya watu wote.

## Bombani

Siku hiyo jioni nilimuuliza. Miaka yote nilijua kwamba mjomba aliugua. Sikuwahi kuuliza yeye alijuaje.

Mjomba alikuwa utingo wa malori, akisafiri Dodoma hadi Mwanza na kurudi. Mwaka 2001 alirudi na hakusafiri tena. Mimi nilikuwa Kidato cha Kwanza, bwenini, na ninachokumbuka ni likizo moja ambayo koti lake lilikuwa kubwa.

Mama alikwenda bombani asubuhi na ndoo yake. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanazungumza, wakapunguza sauti, lakini masikio yake siku hizo yalikuwa mazima. Akasikia, "Kaka yake ana ngoma."

"Nikafurahi," mama akaniambia.

Sikumwelewa.

"Nilifurahi, mwanangu. Nilisema, kumbe anataka kuoa. Nikawauliza, ngoma ya lini? Mbona mimi hajaniambia? Na nani anapiga, maana mpigaji wa nyumba hii ni mimi."

Walicheka mpaka mmoja wao akaweka ndoo chini.

Alirudi nyumbani maji yakimwagika, bado hajaelewa, ila akijua kwamba amechekwa. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kigoda akiota jua. Akamuuliza yeye mwenyewe: kaka, ngoma yako lini?

Mjomba alimtazama kwa muda.

"Karibu tu, mdogo wangu," akasema.

Alifariki mwaka huohuo. Dawa za bure zilianza kutolewa nchini mwaka 2004, na mama bado anaihesabu ile miaka mitatu kwa vidole, kama mtu aliyekosa basi kwa hatua chache.

Ugonjwa huo ulikuwa na majina mengi wakati ule, na yote yalikuwa ya kujificha: umeme, miwaya, ngoma. Sasa naona kwa nini ngoma ilifaa kuliko mengine. Ni nyumba yenye milango mingi. Mwenyewe akitokea ghafla, unatokea mlango mwingine: tulikuwa tunasema ngoma ya arusi, dada, karibu. Utajiri uleule wa neno nilioushangilia ubaoni ndio uliowapa wale wanawake pa kusimama wamchekee mtu usoni.

"Baada ya hapo," nikamuuliza, "uliwezaje kuishika tena?"

"Nini?"

"Ngoma."

Alinishangaa. "Ile ina kosa gani?"

## Benchi

Juzi tulirudi kliniki. Ni miezi mitatu kasoro siku chache tangu siku ya kwanza. Mama aliingia peke yake, alikataa nisimame naye, nami nikabaki kwenye ukumbi na watu kama 20 hivi kwenye mabenchi, kila mmoja na daftari lake mapajani.

Mlango ulifunguliwa. Mtu asiyesikia vizuri huongea kwa nguvu, na mama, hata kabla ya sikio, hakuwahi kuwa mtu wa kunong'ona. Alisimama mlangoni, mikono juu, khanga imemteleza begani.

"Mwanangu! Ngoma yangu imepona!"

Ukumbi mzima ulinyamaza. Mzee mmoja aliacha kukohoa. Muuguzi aliyekuwa anaita namba alisahau namba. Nilihisi uso wangu unawaka, na kabla sijanyanyuka kumfuata, mwanamke mmoja aliyekaa mwisho wa benchi, mwembamba, umri wa kunizidi mimi kidogo, akamshika mama mkono alipokuwa anapita.

"Shikamoo mama," akasema polepole. "Umetumia dawa gani?"

Mama hakusikia vizuri. Akainama. Yule mwanamke akarudia, kwa sauti ya chini zaidi, na safari hii nilimwona mama akielewa yote mawili: alichoulizwa, na alichokitangaza.

"Ni ya sikio, mwanangu," akamwambia. "Ngoma ya sikio."

Yule mwanamke akautoa mkono. Akatikisa kichwa, akajaribu kutabasamu, akaanza kukunjua na kukunja daftari lake.

Nilikuwa nimeshashika mfuko wetu tayari kwa safari. Mama akanionyesha kwa kiganja ningoje. Alimsogeza mtu wa katikati, akaketi kwenye benchi upande wa kushoto, akahama akaenda kulia, ili lile sikio zima likae karibu na yule mwanamke.

"Haya," akasema. "Niambie."